Mikono Niliyoihesabu Kipese

Swali la kumi na tano lilikuwa hili: kwa maoni yako, nani anasababisha hali ya hewa kubadilika? Chini yake palikuwa na nafasi tupu ya kuandika jibu lolote. Nililiuliza swali hilo likizo kubwa nzima, Beni, Butembo na vijiji vya kando, na nikisema ukweli nililipenda kuliko mengine yote. Maswali mengine yalitaka ndiyo, hapana au sijui, na watu waliyajibu huku wakichambua maharagwe bila hata kuinua kichwa. La kumi na tano liliwaamsha. Mtu alikuwa anaweka ungo chini, anapangusa mikono, ananitazama usoni kwa mara ya kwanza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Butembo, na kila mtu anajua mwalimu wa huku anaishije. Shirika moja lilipokuja kutafuta watu wa kuzunguka na tableti kukusanya maoni ya wananchi juu ya mabadiliko ya tabianchi, nilikuwa wa kwanza kupanga foleni. Tulifundishwa siku mbili katika ukumbi wa hoteli. Kanuni kubwa ilikuwa moja, na msimamizi wetu, kijana msomi aliyetoka Kinshasa, aliirudia mpaka ikatukaa kichwani: mwenye kuuliza hachangii. Usikubali, usikatae, usitikise kichwa. Andika tu. Nilijivunia kuishika kanuni hiyo. Leo nikiikumbuka natamani kuitapika.

Tulianzia Beni. Katika mtaa wa Beu nilikaribishwa na mzee mmoja Mwislamu, mwenye lori la kubeba mizigo kati ya Beni na Butembo. Alinitolea kiti, akaniletea chai ya tangawizi, akajibu maswali kumi na manne kwa adabu na uchovu. Kwenye la kumi na tano akajiweka sawa.

"Andika ni siye ba camion," alisema. "Tunabeba mbao, tunabeba makala, pori inaisha tuko naona na macho. Mais nikiacha kubeba, kule Butembo mutapika na nini?"

Mke wake akadakia kutoka jikoni. "Andika na benye kununua!"

Kwenye uwanja wa shule moja walikuwa wamejibanza watu waliokimbia vita kutoka upande wa Kamango. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kicheko kibaya. "Mvula? Miye nilikimbia, maharagwe ingali mu shamba. Nenda uulize bale beko naikula sasa kama mvula inabafikia." Niliandika neno kwa neno. Msimamizi aliposoma akasema hilo halijibu swali, nikaandika "sijui" badala yake kama alivyoniambia. Hasira yangu ilipaswa kuanza siku hiyo. Haikuanza, nilikuwa nimechoka na nilitaka kumaliza ukurasa.

Butembo mwanafunzi wa chuo kikuu alinipa somo zima juu ya viwanda vya Ulaya, Amerika na China, na kila alichosema kilikuwa kweli, huku jenereta ya baba yake ikitutilia moshi machoni. Mama muuza makala, mkaa wa kupikia, alisema ni serikali iliyowanyima watu umeme. Wakubwa wa makanisa yetu, karibu wote, walisema ni siku za mwisho, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa na hakuna la kufanya. Nilipofika nyumbani jioni niliwasimulia wanangu majibu hayo na tulicheka. Kila mtu alikuwa na jibu tayari, na kila jibu lilikwenda kubisha mlango wa mtu mwingine.

Wiki ya mwisho msimamizi alisema kwamba nyumba kwa nyumba inachelewesha. Sasa tukusanye watu, tuwaulize kama kundi, tuandike jibu ambalo wengi wanakubaliana nalo. Akauliza nani anajua kijiji cha mlimani ambako watu watakuja bila kusumbua. Ni mimi niliyesema Kipese. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema Kipese kwa sababu ni kwa baba yangu, kwa sababu mchungaji wa pale nilisoma naye darasa moja, na kwa sababu dada ya baba yangu anaishi pale na nilikuwa na hamu ya viazi vyake.

Shangazi yangu ni mjane. Watoto wake waliobaki hai wako Uganda wanahangaika na maisha, na yeye anaishi peke yake juu ya kanisa, na shamba lake moja la mteremko. Lakini shamba hilo lina historia. Enzi za Wabelgiji watu wa milima ile walilazimishwa kuchimba mitaro ya kukata mteremko, ili maji ya mvua yasikimbie na udongo. Walichimba wakichapwa. Uhuru ulipokuja waliifukia mitaro kwa nyimbo, na mimi siwalaumu, ningefukia pia. Baba mkwe wa shangazi peke yake hakufukia. Alisema fimbo imekwenda, sasa mtaro una kosa gani? Shangazi aliolewa akaikuta mitaro ile na akaitunza maisha yake yote. Kila kiangazi anachota tope lililojaa ndani yake, analipandisha juu kwa karai kichwani, anapanda majani ya tembo kwenye kingo na kutandaza maganda ya maharagwe juu ya udongo wote.

Mwaka ule mvua ambayo kwa kawaida huanza katikati ya mwezi wa nane ilikuwa haijaonekana. Nilifika mchana, siku moja kabla ya wenzangu, na njia nzima ilikuwa vumbi. Vitunguu vya majani vya watu vilikuwa vimekuwa njano, viazi vimelala chini. Kwa shangazi kila kitu kilikuwa kijani. Si kijani cha kujivunia, lakini kijani.

"Udongo hapana lalaka uchi," aliniambia, akifunua maganda kwa kidole cha mguu kunionyesha unyevu. "Weye unalalaka uchi na baridi hii?"

Nilicheka. Tukaingia ndani, akanipakulia viazi na maharagwe, na nilipokuwa nakula akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba chumvi imekwisha: "Beko nasema juu yangu."

"Banasema nini?"

"Si banasema tu. Kinywa haina likizo."

Hapo nilipaswa kuweka kijiko chini. Mlima ule naujua. Nalijua jicho lake kwa mwanamke mzee, mjane, anayeishi peke yake, mwenye shamba la kijani katikati ya mashamba ya njano. Nilijua, naandika hapa kwamba nilijua. Nikaomba niongezewe viazi.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kanisa letu la Kiprotestanti, maana bila hilo kilichotokea kesho yake hakieleweki. Kwetu hakuna jambo linalopita bila mikono. Kumpokea mchungaji mpya, kujenga jiko la kanisa, kumtenga mtu aliyefanya kosa: mzee wa kanisa anasimama, anataja jambo, anasema "mikono", na mikono ikishahesabiwa, basi. Hakuna wa kumlilia. Aliyetengwa anatoka kabla ya sala ya mwisho. Hashiriki Meza ya Bwana, haitwi kwenye kazi ya pamoja, hagawiwi mbegu, mpaka siku atakaposimama kutubu mbele ya watu wote na mikono ile ile impokee. Nimeyaona hayo tangu nikiwa mtoto. Sijawahi kumwona mtu wa Kipese akiinua mkono ndani ya jengo lile kwa ajili ya kutoa maoni tu.

Na mkutano wetu tuliufanya ndani ya jengo lile, kwa sababu ukumbi mwingine hakuna.

Watu walikuja wengi, wanaume kushoto, wanawake kulia, kama Jumapili. Shangazi alikaa benchi la tatu na kitenge chake cha kanisa, akanitazama kwa fahari. Mtoto wa kaka yake alikuwa mbele, na tableti, na beji shingoni. Msimamizi alisimama nyuma karibu na mlango akipiga picha. Nilianza swali la kwanza nikalisukuma mpaka la kumi na nne bila shida. Kisha nikasoma la kumi na tano. Nani anasababisha?

Mtu akakohoa. Nilidhani watasema Bazungu, au serikali, au siku za mwisho, niandike tukanywe chai. Akasimama bwana mmoja wa makamo ambaye shamba lake liko chini ya la shangazi, mtu mpole, aliyebeba jeneza la baba yangu. Hakuonekana mwenye chuki.

"Siye tunamujua," alisema. "Kuna mutu anafunga mvula. Anaifunga mu mitaro yake. Ndiyo maana kwake iko maji na kwetu hapana."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, vichwa vyote viligeukia benchi la tatu. Na mimi, mwalimu mwenye diploma, ninayewafundisha watoto wa watu mzunguko wa maji kwa chaki za rangi, nikaangalia tableti. Mwenye kuuliza hachangii. Nikaandika: mtu wa kijijini.

Tableti haikuniruhusu kuendelea. Ilitaka idadi ya wanaokubali. Nilimtazama msimamizi kule nyuma, nikitumaini ataona uso wangu.

"Maman, uliza ni bangapi banakubali," aliniambia kwa upole. "Na mikono. Comptez."

Yeye hakujua. Nataka hilo liandikwe pia, ingawa sina hamu ya kumtetea. Kwake mkono ni mkono. Mimi ndiye niliyejua, katika ukumbi mzima mimi peke yangu niliyejua pande zote mbili, na ningeweza kuangusha tableti, kuzimia, kukohoa, kusema betri imekwisha. Nilisema, "Benye kukubali, mikono."

Ilipanda polepole. Kwanza wanaume, kisha wanawake, na mwisho hata wanawake waliokuwa wamekaa benchi moja na shangazi, wakitazama mbele. Nilihesabu kwa kidole kama ninavyohesabu wanafunzi asubuhi. Arobaini na mmoja. Niliisoma namba hiyo kwa sauti, kwa sababu kanuni ilisema isomwe kwa sauti, nikaibonyeza.

"Imeandikwa," alisema mzee wa kanisa.

Shangazi alisimama, akakaza fundo la kitenge, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakuna aliyemwambia atoke. Mchungaji alikuwa hajaanza sala ya mwisho.

Msimamizi alifurahi sana. Tukiwa tunafunga mizigo kwenye pikipiki alisema jibu lile ni "très riche", yaani limejaa mambo, kwamba Kinshasa watalipenda. Nikamwambia huyo mtu wa kijijini ni shangazi yangu, dada ya baba yangu. Alishtuka kweli, akanishika bega. "Désolé, maman. Mais donnée ni donnée." Takwimu ni takwimu. Nilimwomba tufute. Akasema akifuta moja lazima aeleze zote. Kule mlimani hakuna mtandao, kwa hiyo jibu lile lilikuwa bado limo ndani ya tableti, na tableti ilikuwa ndani ya mkoba wangu, kwenye mapaja yangu, njia nzima ya mashimo na vumbi mpaka Butembo. Sikulifuta. Tulipoingia mjini mtandao ukarudi, na nikalituma. Niliogopa kupoteza kazi iliyokuwa imebakiza siku mbili kwisha.

Jumatatu shangazi alikuwa mlangoni kwangu na jembe lake na mfuko wa mbegu za maharagwe. Jumamosi, alisema, kazi ya pamoja ya kijiji ilikuwa kufukia mitaro yake. Vijana, wanawake, wote, na koleo na nyimbo. Hawakumpiga. Walimwomba hata maji ya kunywa, na akawapa.

"Uliwapa maji?"

"Balikuwa na kiu."

Nilivunja kikombe ukutani. Wanangu walikimbilia nje. Shangazi aliokota vipande, akaniuliza kama nina ufagio.

Jumatano alfajiri ikanyesha. Ilinyesha Butembo, na mchungaji alinipigia simu kutoka Kipese, anapiga kelele ya furaha kama mtu anayetangaza kuzaliwa kwa mtoto. "Mwalimu, mvula imekuya! Kama mutu anafungula mlango!" Nikamwambia maneno ambayo mwanamke hamwambii mchungaji. Nilimwambia amesoma, nilikaa naye dawati moja, anajua mvua inatoka wapi, na amekaa pale mbele na Biblia yake akiacha bibi kizee afukiwe mitaro yake. Alinisubiri nimalize.

"Miye hapana sema ni yeye," alisema. "Batu njo balisema. Na njo weye ulibauliza, mwalimu. Ulibauliza mu kanisa, ukahesabu mikono. Nilikuwa nataka kukusimamisha, nikasema labda ni sheria ya serikali." Kisha, kwa sauti ya chini, akaongeza kwamba njia ya kurudi ipo, nami naijua. Atubu.

Sijui kama kuna hasira mbaya kuliko ile inayokosa mtu wa kumwangukia. Niliitembeza. Ilikaa kidogo kwa mchungaji, kidogo kwa msimamizi, ikaenda mpaka kwa watu nisiowajua, wenye mabomba ya moshi na ndege, wanaokutana kila mwaka na kupigana picha, ambao hakuna mtu amewahi kuwaingiza kanisani na kuwahesabia mikono. Ikafika kwa wale wa hapa hapa wanaokata pori usiku na mchana. Kisha ikarudi nyumbani kwangu, kila mara, ikanikuta jikoni.

Shule zilifunguliwa. Nilikwenda kufundisha na kumwacha shangazi kwenye kiwanja changu cha saruji, ambako hata mche wa muhogo wa sombe hauna pa kushika. Mvua ilinyesha karibu kila siku. Alikuwa anakaa mlangoni anaisikiliza kwenye mabati, na mfuko wa mbegu miguuni, na kila jioni alinieleza, akihesabu siku kichwani, kule Kipese watu wamefika wapi. Leo wamelima. Leo wamepanda. Wale wa chini tayari inachipua. Wiki ya pili aliniambia anataka kurudi Jumapili akatubu.

Nilipandisha sauti. Nilimwambia hatatubu kosa ambalo si lake mbele ya watu walioharibu shamba lake. Nilimwambia atakaa kwangu, nitamlisha.

"Weye uko na mushahara," alisema. "Miye niko na shamba."

"Utasema uongo kanisani, shangazi?"

"Uongo itaniua? Njaa njo itaniua. Maharagwe hapana ngojaka tumalize maneno."

Jumapili tulipanda pamoja. Kabla ya ibada nilimwomba mchungaji dakika chache niseme na watu, na alinipa, nadhani kwa sababu alikuwa na aibu. Nilisimama pale pale niliposimama na tableti. Niliwaeleza moshi wa viwanda na wa magari, na pori linalokatwa, na jinsi joto linavyozidi na mvua inavyopoteza njia, na bahari zinavyopanda kwenye nchi za mbali. Nilieleza mitaro. Nilisema mtaro haufungi mvua, unashika ile iliyokwisha kuanguka. Nilikuwa nalia, na hakuna anayefundisha vizuri akilia. Walinisikiliza kwa heshima. Wengine walitikisa kichwa kukubali. Mwishoni yule bwana wa shamba la chini, aliyebeba jeneza la baba yangu, akainua kidole kama mwanafunzi mzuri.

"Donc, mwalimu, ile moshi ya Bazungu, njo yeye anaivutaka mpaka hapa?"

Nilikaa chini. Ningeweza kumpiga. Alikuwa anauliza kwa moyo safi, alikuwa amesikiliza kila neno, na kila neno langu lilikuwa limeingia ndani ya kichwa chake na kukaa upande wa kesi yake.

Shangazi akaitwa mbele. Alikwenda taratibu, akageuka kuwatazama watu, mikono imelala tumboni.

"Ni miye," alisema. "Nilifunga mvula ya Kipese." Nilidhani amemaliza. Alikuwa ananitazama mimi. "Na ya Beni, njo miye. Na ya Kamango. Na kule mwalimu anasema bahari iko napanda, iko miye. Munisamehe."

"Mama, ya hapa inatosha," mchungaji alimnong'oneza.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimeuma kitambaa changu cha kichwa nisipige kelele. Nilikuwa nimeuliza watu likizo nzima. Niliuliza wenye malori na wenye makala, wasomi, watumishi wa Mungu, waliokimbia na waliobaki, na mtu hata mmoja hakuniambia ni mimi bila kutafuta mwenzake wa kumbebesha nusu. Yupo mmoja tu, duniani pengine, aliyesimama mbele ya watu akasema ni mimi, nisameheni, na huyo ni bibi kizee ambaye moshi wake wote ni wa mafiga matatu, na ambaye peke yake kwenye mlima mzima alijua la kufanya maji yasipotee.

Mzee wa kanisa akauliza kama anaahidi kutochimba tena mitaro. Akaahidi. Mzee akasema, mikono. Ilipanda yote, haraka, kwa furaha, watu wanampenda shangazi, sikusema kwamba hawampendi. Niliinua na wa kwangu. Ningefanya nini? Alikuwa na mbegu na mvua ilikuwa inaanza kupita. Wanawake wa benchi la tatu walisogea wakampa nafasi yake.

Niliomba ruhusa shuleni, nikabaki Jumatatu nimsaidie kupanda. Majirani walikuja nao, wakiwa na majembe na mzaha, kazi ya siku tatu tukaimaliza kabla ya saa nane. Pale palipokuwa na mitaro udongo ulikuwa mwekundu na laini. Majani ya tembo yalikuwa yameng'olewa, maganda yametupwa. Tulipanda kama wao wanavyopanda, mistari inayoteremka moja kwa moja kutoka juu mpaka chini, na shangazi alishika mstari wake kama wengine.

Saa tisa ikanyesha, nzito, ile ya kuuma ngozi. Tulisimama mlangoni tukatazama. Maji yalianza juu kabisa, mstari mwembamba, hayakukuta cha kuyazuia, yakazidi kunenepa na kubadilika rangi, mpaka mteremko mzima ukawa unatembea. Maharagwe ya asubuhi yalipita mbele yetu yakielea. Yaliruka njia, yakaingia kwenye viazi vya yule bwana wa chini, na udongo wa miaka yote ile ukaanza kuvifunika.

Bwana huyo alitoka nje na gunia kichwani, akakimbia huku na huko na jembe, halafu akasimama katikati ya tope na kutupungia mikono yote miwili.

"Mama!" alipiga kelele kuelekea kwetu. "Mama, weye unajuaka! Ifunge basi! Nakuomba, ifunge!"

Hakuwa anamkejeli, alikuwa anamwomba. Shangazi akanivuta ndani kwa mkono, akasukuma mlango na kuweka komeo.